Doa Hata Moja

Wifi yangu ni dobi, na adui yake duniani ni doa. Msidhani natia chumvi. Ukila kwake, macho yake hayako kwenye sahani yako, yako kwenye kifua cha shati lako. Dukani, nguo ikitoka kwenye kamba huisogeza dirishani na kuikagua: kola, makwapa, ncha za mikono, mishono. Akiona kitone, inarudi kwenye beseni, hata kama mwenyewe kasimama mlangoni anatazama saa.

Sasa binti wa mwanamke huyo, katika michezo yote iliyoko chini ya jua, akachagua peintiboli, ule mchezo wa kulengana kwa bunduki za hewa zinazorusha vipira vya rangi. Kikikupasukia mwilini, umetoka. Siku ya kwanza alirudi mgongo wa kijani, sikio la rangi ya chungwa, anacheka meno yote nje. Wifi alikalia ndoo iliyopinduliwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mama, inatoka kwa maji tu."

"Hata matope yanatoka kwa maji. Mbona sikukulea matopeni?"

Nilijitia kumtetea, mimi shangazi mtu, nikaambiwa nifunge bakuli langu. Kisha hukumu ikatoka: "Nenda ukacheze. Lakini siku utakayorudi na doa, hata moja, hiyo barakoa na hayo magwanda vyote jalalani. Na mchezo umekwisha."

Alidhani amemkomoa. Mtoto huyu amekulia uani kati ya mashuka yaliyoanikwa, mahali ambapo kugusa shuka bichi ni kutafuta balaa. Basi akarudi humo humo kufanya mazoezi: anainama, anageuka ubavu, anapenya, na hakuna shuka linalotikisika. Wenzake wakambandika jina la Kiroboto. Kila akirudi, mama yake anamsimamisha mlangoni na kumkagua kola, makwapa, ncha za mikono, mishono.

"Ingia," anasema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa ugomvi.

Siku ya fainali nilimburuta Wifi uwanjani moja kwa moja kutoka dukani, na aproni yake nyeupe mwilini. Alisema anachungulia tu. Lakini wenzake Kiroboto walipopigwa wote wakatoka, naye akabaki peke yake dhidi ya watatu, mkono wangu ulikamatwa hadi ukafa ganzi.

"Doa, mwanangu! Angalia doa!"

Kiroboto akapenya ubavu kati ya mapipa, vile vile anavyopita uani. Wa kwanza akatoka, wa pili akatoka. Wa tatu alifyatua, yeye akafyatua, rangi ikampasukia yule wa tatu kifuani, filimbi ikalia.

"Amepigwa huyo! Mgongoni!" wapinzani wakapiga kelele.

Mwamuzi akaanza kumwendea. Wifi alikwisha kuruka kamba ya uwanja.

"Mama, hapa huruhusiwi," mwamuzi akamwambia.

"Mimi ndiye mzazi. Na sharti ni langu."

Wakamkagua pamoja. Kola. Makwapa. Ncha za mikono. Wifi akairudia kola mara ya pili, nami nilijua haogopi tena magwanda yachafuke. Anaogopa asije akalazimika kuyatupa. Akamgeuza mgongo, akapitisha kidole kwenye mishono, taratibu, hadi wa mwisho.

"Safi!" alipiga kelele kabla mwamuzi hajafungua kinywa. "Safi kabisa! Mwanangu ni safi!"

Mwamuzi akauinua mkono wa Kiroboto juu, na uwanja ukalipuka. Wenzake wakawavamia wote wawili kwa kukumbatiana, wamelowa nyekundu na bluu, Wifi katikati yao anaruka kama msichana.

"Mama, aproni yako!" Kiroboto akashtuka.

Wifi akajitazama. "Iache."

Mpaka leo imetundikwa dukani, juu ya meza ya pasi, na rangi zake zote. Mteja akiuliza inakuwaje dobi anatundika nguo chafu ukutani, Wifi hujibu bila kuinua kichwa: "Siku hiyo mwanangu hakuguswa na mtu."