Kung'ombesha

Harufu ya samadi mbichi, ile ya asubuhi zizi likifuka mvuke, hunirudisha Mpwapwa, kwenye tembe la bibi yangu mzaa baba. Ilikuwa enzi ya Wajerumani. Ndui ilikuwa imerudi kwa njia ya misafara, na kwetu haikuwa ngeni: ndiyo iliyomchukua mama, ikatuacha mimi na mdogo wangu Nyemo, ambaye alikuwa bado anatambaa.

Boma likaamuru watoto wachanjwe. Bibi akakataa katakata. Kuchanja alikujua vizuri, ni wembe wa mganga, na wengine waliochanjwa aliwazika mwenyewe. Akasema Nyemo havuki mlango.

Mimi nilisoma misheni, kwa mama mmoja wa Kiingereza ambaye Kigogo chake kilituvunja mbavu. Yeye ndiye aliyechanja, na kazi hiyo aliiita kwa neno la kwao, refu, la kikubwa, ambalo midomoni mwetu lilitoka "vaksineti". Nami sikuwa mtu wa kuacha neno lipite bila kulipekua. Nikamuuliza limetoka wapi. Akacheka, akasema limetoka kwa ng'ombe. Warumi wa kale walimwita ng'ombe "vaka", na dawa yenyewe ilianzia kwa wakamuaji: waliopata vipele kutoka kwenye viwele, ndui haikuwagusa tena.

Ng'ombe ndani ya neno la Kizungu! Nilikimbia mpaka nyumbani.

"Bibi, si kuchanja," nikamwambia. "Ni kung'ombesha."

Bibi alikuwa akisukasuka kibuyu cha maziwa. Mkono ukatulia. Akaniuliza ng'ombe gani, wa nani, wa rangi gani. Sikujua.  Kesho yake alimwacha Nyemo kwa jirani, akaenda misheni, akafunua bega mbele ya yule mama.

"Anza na mimi," alisema. "Mtoto nitamleta kidonda changu kikikauka."

Kilikauka, akamleta. Nami nikatamba kijiji kizima kwamba neno langu limemshinda Bibi.

Miaka mingi baadaye nilikaa zahanati, mwanangu mapajani, nikisubiri zamu yake ya sindano, na ghafla nikalia mbele za watu. Bibi hakuwahi kumwamini ng'ombe asiyemjua hata rangi. Alikwenda kuionja ile dawa yeye mwenyewe kwanza, kama alivyoonja uji wetu kila asubuhi, ili kama unaunguza, uunguze ulimi wake.