Fisi Chini ya Godoro

Kitabu nilikikuta chini ya godoro la mdogo wangu, tukiishi ughaibuni, mjini Ilford, mwaka wa pili baada ya mama kumfuata baba kaburini. Jaladani alichorwa fisi amevaa kofia ya rubani, nyuma yake nyota tupu. Kwetu fisi ni kipando cha wachawi. Mtu hamfichi bure.

Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule mapema, nikawa nasafisha ofisi ili yeye asome. Nilipomwuliza, alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni cha maktaba ya shule na Ijumaa atakisimulia mbele ya darasa. Na godoro je? Akainamia daftari lake. Kukwepa kule kulinitia shaka zaidi kuliko fisi mwenyewe.

Nikakichukua hadi kwenye maombi. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alikikagua bila kukigusa, akashauri kichomwe.

“Hadithi za sungura zimeisha huko shuleni?” alisema. “Kwa nini mtoto wetu ndiye apewe fisi?”

Hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo. Lakini sikukichoma, kilikuwa mali ya watu. Nikakitia kwenye mkoba wa kazi, na kila mapumziko nikakisoma, kamusi mkononi, nikitafuta ubaya. Mdogo wangu hakuuliza kilipo. Alikula, akaosha sahani yake, akalala.

Wanyama wa kitabuni walikuwa wakihamia nyota nyingine ndani ya chombo kimoja. Fisi ndio waliotunza mitambo, ila walikatazwa kupanda juu walikoishi wenzao, kwa kuwa kila mmoja alijua fisi ni wachawi. Palikuwa na swala, mjane, mcha Mungu, mwenye watoto. Nilimpenda. Kisha akaomba fisi washushwe kwenye nyota ya kwanza watakayoifikia, kwa usalama wa wanawe. Aliomba kwa upole kabisa, nami nilikuwa nimefika katikati ya ukurasa nikimkubalia, kabla sijashtuka kwamba fisi hao hawakuwa na kosa lolote.

Alhamisi jioni nilimrudishia mdogo wangu kitabu.

“Ulikificha kwa nini?”

“Nilijua utakipeleka kwenye maombi, dada.”

“Nilikipeleka,” nikasema. “Mama mmoja akataka kichomwe. Nikakataa.”

Alikaa pale mezani akakifungua mwanzo, akaanza kupekua ukurasa mmoja mmoja, polepole, akihakikisha sikuchana hata mmoja. Nilisimama nikamngoja afike mwisho.