Kona Isiyopewa Pumzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa saa tatu asubuhi na kurudishwa saa nne. Nilikuwa nimetoka Mungaa kwa miguu, kijana wa Kinyaturu aliyekuwa ameiona reli mara mbili tu maishani, na mnyapara wa gangi la Saranda alinikuta nimekalia reli nikifunga kamba za viatu. Aliniambia nirudi kwetu nikachunge. Baadaye alinihurumia, akaniita, akanitupia mtaimbo na kunionya kwamba kuanzia siku hiyo nikitaka kukaa nikalie kokoto.

Ninyi vijana mnaopanda treni mkalala mpaka mfike, pengine hamjui gangi lilikuwa nini. Tulikuwa watu wanane na mnyapara wetu, tukitunza kipande cha njia kinachopanda mlima kutoka Saranda kwenda Manyoni. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyetawala, na tawi la reli lililokuwa likienda Singida lilikwisha kung'olewa. Tulishindilia kokoto chini ya mataruma, yaani zile nguzo zinazolazwa chini kushika reli. Yetu yalikuwa ya chuma, yaliyoachwa na Mjerumani, na jua la mchana likiyapiga huwezi kuyagusa kwa mkono mtupu. Tulipima njia kwa geji, kipimo cha chuma kinachoonyesha kama reli mbili zimesogeleana au zimeachana.

Mlima ule una kona nyingi, na kona ndizo zilizotula migongo. Reli ya upande wa nje lazima iinuliwe kidogo ili treni isiangukie nje. Tena, kona ikiwa kali, njia hupanuliwa kwa unene wa msumari hivi. Nilimwuliza mnyapara sababu. Alikuwa mtu wa maneno machache, akasema, "Injini haikunji mgongo kama nyoka. Kona ipe pumzi." Basi neno la gangi likawa hilo, kuipa kona pumzi. Watu wa stesheni hawakulijua, wala hawakuwa na haja nalo, kwa sababu wao reli waliikuta imekwisha kulazwa.

Sasa nieleze habari ya treni zetu ndogo. Mwaka mmoja mvua ilikata njia, treni ya mizigo ikakwama Saranda siku tano. Mchochezi wa moto wa injini ile alikuwa na kisu na hakuwa na kazi, akachonga injini ndogo ya mti nyuma ya ghala. Njia ilipotengenezwa akaondoka nayo, lakini ugonjwa wake akatuachia. Tukawa watu wanne: karani wa tiketi, mzee wa pointi ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza njia ili treni ziingie upande unaotakiwa, mimi, na Hamisi Madeha, mtu wa taa.

Hamisi alikuwa Mgogo wa palepale, rika langu. Kila asubuhi alipanda ngazi za nguzo za ishara kushusha taa, akazifuta moshi na kuzijaza mafuta, na jioni akapanda tena kuzirudisha. Alikwisha kuanguka mara moja na goti lake moja lilikuwa bovu. Akishuka ngazi ungemsikia akihesabu kwa Kigogo, ngazi moja moja, mpaka chini.

Kila Jumapili mchana tulikutana nyuma ya ghala. Tulijenga mlima wetu wa Saranda juu ya mbao, kila mtu na kipande chake, reli zikiwa mikanda ya chuma ya kufungia marobota. Treni ilishuka yenyewe kwa mteremko. Mtu angepita angedhani tunagombana. Tulibishana kama filimbi ya mbali, ile ya treni inayokaribia stesheni, hulia mara mbili au tatu, dereva yupi hushika breki mapema, masizi yachanganywe na nini yasibanduke kwenye bati. Mzee wa pointi alikuwa akifika namwamkia, "Shikamoo mzee," naye, "Marahaba. Injini yako ya leo ina mchwa, au bado hawajaiona?" Tulicheka. Sijapata tena mazungumzo matamu kama yale, na nilikuwa wa kwanza kuyatia sumu.

Maana Hamisi alikuwa na mikono. Nasema ukweli sasa kwa kuwa nimezeeka. Alikata debe la mafuta ya taa akatoa injini yenye magurudumu kumi, yenye bomba, yenye chumba cha dereva na kamlango kanakofunguka. Injini yangu ilifanana na sanduku la sabuni. Stesheni Masta, Mhindi mpole aliyekuwa hatoki ofisini, alitoka kuja kuitazama ya Hamisi, akampelekea chai kwa mkono wake. Mimi sikupewa. Mke wangu alipita siku moja na kuni, akasimama, akasema, "Huyu Hamisi ana akili ya kuzaliwa nayo." Jioni ile sikula chakula chake. Aliniuliza naumwa nini, nikasema kichwa. Ulikuwa wivu. Ulinikaa hapa kifuani nikilala nao na kuamka nao, na kila mtu aliposema "ya Hamisi" nilisikia kama nimetukanwa.

Basi injini ile nzuri ilikuwa na kasoro moja. Ilishuka kipande cha mzee wa pointi na cha karani bila taabu, kwa kuwa vilinyooka. Ilipita kona yangu. Ilipofika kona ya Hamisi mwenyewe, ilikwama. Karani akasema injini imefika kwa bwana wake na imekataa kutoka. Sisi wote tulicheka, na Hamisi alicheka kutuzidi.

Mimi nilijua palepale. Kona yangu niliijenga kwa mkono wa gangi bila hata kufikiri, nikaipa pumzi. Yake alikuwa ameipima sawasawa na njia iliyonyooka, kama anavyofanya mtu makini asiyefundishwa. Injini ya magurudumu kumi ilibanwa pale kama mguu katika kiatu kidogo.

Alinijia mimi. Aliniita pembeni, akaniuliza kwa heshima, "Elia, ndugu yangu, wewe ndiye mtu wa njia. Kwa nini inakwama?"

Nikachuchumaa, nikaitazama kona yake kama mganga anayetazama mgonjwa. Nikasema, "Magurudumu yako hayako duara."

Alinishukuru. Akaenda kuyachonga upya yote kumi, kwa mpingo, mti unaovunja visu. Jumapili iliyofuata ilikwama. Akaniuliza tena, nikasema bado hayajawa duara. Akachonga mara ya pili, na ya tatu. Vidole vyake vilikuwa na vidonda, na mimi niliviona aliponipa sukari ya chai yetu ya Jumapili.

Wakati huo ikaja habari kwamba Mkaguzi wa Njia angepita Saranda, na kwamba alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumpeleka karakana ya Tabora kujifunza ufundi. Stesheni Masta alikuwa amemwandikia habari za mlima wetu wa mbao. Wote tulijua amemwandikia kwa ajili ya Hamisi. Hamisi alinieleza waziwazi kwamba hataki cheo, anataka kazi ya chini, kazi isiyo na ngazi, kabla goti halijamwangusha mara ya pili. Nami nilimwambia Mungu atasaidia.

Mkaguzi alifika kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha kukagulia njia. Alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili cha amri. Karani akaachia injini ya Hamisi kutoka juu. Ilishuka vizuri hata Stesheni Masta akatabasamu. Ikapita kona yangu. Ikafika kona ya Hamisi, ikakwama. Hamisi akaisukuma kidogo kwa kidole, ikapinduka, kamlango kale kakabanduka.

Mkaguzi hakucheka. Alipiga goti, akatazama kona ya Hamisi, kisha akarudi kutazama yangu. Akauliza nani ameijenga hii. Nikasema mimi, bwana mkubwa, mtu wa gangi. Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akamwambia Stesheni Masta, "Huyu anajua njia. Huyu aje Tabora." Tukamsindikiza mpaka kwenye kiberenge, isipokuwa Hamisi, aliyebaki nyuma akiokota injini yake.

Barua yangu ya kwenda Tabora ilichukua majuma matatu kufika. Jumapili zote tatu Hamisi aliwahi kabla yetu, akatandika jamvi, akaniuliza maswali mengi kuhusu kila kitu isipokuwa kona. Nilidhani anajipendekeza kwa mtu anayepanda cheo, na hilo nalo liliniudhi.

Tabora nilijifunza kazi. Nikawa fundi, nikahamishiwa Itigi, kisha Manyoni kuwa mnyapara mkuu wa njia, nikiwa na magangi manne chini yangu. Wakubwa walinisifu. Lakini kila nilipokuwa, hapakuwa na mtu wa kubishana naye filimbi ya mbali hulia mara ngapi. Nilikuwa nasikia kwa magadi, yaani walinzi wa treni, kwamba Saranda bado wanakutana, kwamba mlima wa Hamisi sasa una daraja na tangi la maji. Ningekuwa na haki gani ya kuumia? Lakini niliumia. Mwaka wangu wa pili Tabora karani aliandika kwamba Hamisi ameanguka kutoka nguzo ya ishara, mguu umevunjika juu ya goti lile lile. Niliikunja barua ile nikamwambia mke wangu haina jambo.

Nimestaafu sasa, uhuru ulikwisha kuja, na watu huniita wakati wa harusi nikazungumze habari za uvumilivu kazini. Mwaka niliopata pensheni ndipo nilipofunga safari kwenda kwa Hamisi. Nilimkuta uani, ana mkongojo, bati na mkasi mapajani. Tuliamkiana, tukaulizana habari za watoto, uji ukaletwa. Nikamweleza yote: kona, magurudumu, mpingo.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza tangu lini.

"Siku ileile. Mkaguzi alipoinama kwako nilijiuliza ameona nini. Mlipokwenda kumsindikiza nikaiweka injini kwenye kona yako, nikachukua kijiti cha kiberiti. Kati ya gurudumu na reli kikaingia. Kwangu hakikuingia."

Nikasema Stesheni Masta alikuwa akimpenda, angemsikiliza. Palikuwa na majuma matatu kabla barua haijaja. Mbona hakusema?

Hamisi alifikiri, akikata bati taratibu. "Ningesema, Jumapili usingekuja. Karani habari zake ni rangi tu, na yule mzee masikio yalikwisha kuchoka. Ningebaki na treni nzuri, na sina wa kuzungumza naye."

"Lakini mimi niliondoka, Hamisi."

"Uliondoka, ndiyo. Lakini zile Jumapili tatu ulikuja."

Mimi zile Jumapili tatu nilizikaa nikihesabu siku za kuondoka, na hata sikumbuki tulizungumza nini. Yeye anakumbuka. Alianza kunisimulia palepale, Jumapili ya kwanza tulibishana nini, ya pili nani alicheka mpaka akamwaga chai, nami nikamsikiliza kama mgeni. Nina pensheni, nina cheti cha utumishi mwema ukutani, nina miguu yangu yote miwili. Na hata leo, nikiamka, ninamwonea wivu Hamisi Madeha kwa zile Jumapili tatu.