Ubeti Alioondokea Mama

Saa saba na dakika ishirini mchana, Jumapili ya wiki iliyopita, mama alianza kuimba. Naitaja saa kwa sababu niliitazama. Saa ya ukutani iko juu ya jiko lake kule Harrow, London, nami nilikuwa mbele ya jiko hilo nikigeuza chapati, mkono ukanisimama hewani. Mama si mtu wa kuimba. Alikuwa ameketi mezani akichambua choroko, akautoa mstari mmoja kwa sauti ya chini, polepole, bila kukosea hata neno:

"Kiatu mlonivisha, hakikutosha mguu."

Wimbo huo ulikuwa haujasikika nyumbani kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliyeutunga ni mama mdogo, ndugu pekee wa mama, na tulikuwa tumemzika mwezi mmoja kabla.

Rafiki yangu, ngoja nikurudishe Thamesmead ya utoto wangu, upande wa pili wa London. Tulikaa ghorofa ya nne, katika yale majumba ya zege yaliyounganishwa kwa njia za juu, ambako upepo ulipita ukipiga mluzi na nguo zilizoanikwa kwenye roshani zilikauka zikiwa ngumu kama mbao. Tulikuwa watatu: mama, mama mdogo na mimi. Mama alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Alirudi asubuhi mimi nikivaa viatu vya shule, akanikagua kola na kucha, kisha akalala hadi alasiri. Nyumba yetu mchana iliishi kwa kunong'ona. Mpaka leo nafunga milango polepole, na wanangu hunicheka.

Mama mdogo aliletwa kutoka Tanga ili naye awe muuguzi. Mama ndiye aliyemtafutia nafasi ya mafunzo, akamlipia na nauli. Akasoma mwaka mmoja, akafaulu vizuri, halafu akaacha. Alikuwa amepata kikundi cha taarabu: mpiga kinanda mmoja, mpiga ngoma mmoja, na yeye mwimbaji. Waliitwa kwenye harusi za watu wetu, leo huku, wiki ijayo kule. Siku aliyomwambia mama, nilikuwa sakafuni nikifanya hesabu za shule.

"Nimekuombea nafasi kwa watu," mama alisema. "Leo unaniambia unakwenda kuimba?"

"Sikuacha kazi, dada. Nimebadilisha."

"Kuimba ni kazi ya jioni. Asubuhi utafanya nini?"

"Nitalala, kama wewe."

Nilimwona mama akigeuza uso ukutani asionekane anacheka. Lakini kicheko hakikuwa ruhusa. Tangu siku hiyo walisemeshana mambo ya chumvi, sabuni na nani atanichukua shuleni. Mama mdogo hakuhitaji pesa za mama wala ruhusa yake. Alitaka radhi yake. Aliniambia mara nyingi kwamba mtu anaweza kwenda kinyume na ndugu yake na bado akala, akalala na akacheka, lakini sauti ndiyo huwa haikubali kutoka.

Basi akatunga wimbo. Aliutunga jikoni, mchana, mama akiwa amelala chumba cha pili. Mbaazi zilichemka, tui la kopo likangojea kando, naye akagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko, kidogo kidogo, akihesabu mizani.

"Hesabu na wewe, mwanangu. Nane huku, nane kule. Ukizidisha moja, msikilizaji anajikwaa."

Nilihesabu kwa vidole. Nilikuwa na miaka kumi, na hiyo ndiyo shule pekee ya ushairi niliyowahi kukaa. Mengine niliyafuata mwenyewe baadaye, kwa vitabu vya kuazima na kamusi iliyochakaa jalada. Wimbo ulikuwa na beti tano. Wa kwanza ulihusu kiatu kisichomtosha mtu. Wa nne ulikuwa wa ukali, wa kuwajibu majirani waliomsema, nao ulimalizika hivi: "Aonaye ni aibu, mlango sikuufunga." Wa tano ulikuwa wa mama peke yake: "Dada nipe radhi yako, nisiimbe nikilia."

Kama hukulelewa na taarabu, nikueleze jambo moja. Ukumbini kwetu mtu hakusikiliza kwa masikio tu. Ubeti ukikugusa uliinuka, ukatembea hadi kwa mwimbaji mbele za watu wote, ukamtunza noti. Kwa kuinuka pale pale, kwenye maneno yale yale, ulikuwa umesema: haya ni yangu, na ninayemlenga anajijua. Watu waliangalia nani ameinuka kwenye ubeti gani kuliko walivyomwangalia bibi harusi. Na kwa kuwa noti ndogo kabisa ya nchi hii ni pauni tano, kauli ya London ilikuwa ghali kuliko ya Tanga. Mwanamke alifikiri kabla ya kunyanyuka.

Mpango wa mama mdogo ulikuwa huo. Binti wa jirani yetu alikuwa anaolewa, mama asingeweza kukosa. Ubeti wa tano ungeimbwa mbele yake. Mama akiinuka, hata na noti ya pauni tano, mambo yangekwisha bila mtu kulazimika kuomba msamaha.

Kadi ya mwaliko ilisema saa kumi jioni. Unatujua. Mama alikuwa na zamu ya usiku siku hiyo, akavaa dera juu ya yunifomu akisema atakula, atapongeza, ataondoka. Tulikaa kwenye viti vya plastiki vya ukumbi ule tukinusa biriani iliyokuwa bado haijafunuliwa. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na mbili watu wakawa wanauliza bibi harusi yuko wapi, wakajibiwa yuko kwa msusi. Aliingia saa moja na nusu, kwa vigelegele, na mama mdogo akapanda jukwaani akiwa na gauni la kijani alilolishona mwenyewe.

Sijasikia tena sauti ile. Ilikuwa na ukwaruzo kidogo chini yake, kama kitambaa kizuri ambacho hakijafuliwa bado. Kinanda kilivuta, kikavuta, maana taarabu haina haraka, na mama akawa anatazama saa yake. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukarudiwa mara mbili kwa sababu watunzaji walikuwa wengi. Wa tatu vivyo hivyo. Mama alikaa pembeni kabisa mwa kiti, mkoba mapajani. Basi la mwisho la kumfikisha kazini kwa wakati lilikuwa la saa mbili na dakika kumi.

Akaniinamia sikioni. "Nachelewa. Utarudi na mama mdogo."

Akasimama. Na hapo hapo, si kabla, si baada, mama mdogo alikuwa anaimba: "Aonaye ni aibu, mlango sikuufunga."

Mama akatoka mlangoni.

Ukumbi ulilipuka. "Kajibiwa!" alisema mwanamke mmoja nyuma yangu, akicheka. "Shoga, umemtoa! Mtoe na mwingine!" Wakainuka, kumi, kumi na wawili, noti mkononi, wakimzunguka mama mdogo kwa mabega na vigelegele. Nilimwona kati ya vichwa vyao akiutazama mlango. Nilidhani ataendelea na ubeti wa tano. Watu wakadai ule ule. Akaurudia. Akaurudia tena, na mara hii alikuwa anauimbia mlango kweli.

Tuliporudi kwa teksi nilimwambia mama mdogo kwamba mama alikuwa anawahi basi.

"Basi gani hilo linalojua beti?" akasema.

Kesho yake, kabla mama hajavua koti, jirani alikuwa ameshampigia simu kumweleza namna mdogo wake alivyomwimbia mgongo mara tatu, na watu walivyotunza. Nilisubiri mmoja aeleze. Mama alisema mtu aliyelala naye tumbo moja hahitaji kuelezwa. Mama mdogo alisema aliyeondoka ndiye mwenye maelezo. Nilibeba maneno yangu baina ya vyumba viwili, nikayarudisha kama nilivyoyachukua. Mwezi haukuisha, mama mdogo akahamia Thornton Heath, mtaa wa mbali na sisi. Aliimba mwaka mmoja zaidi, halafu akaacha, akaingia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Nikimtembelea alinipikia mbaazi na kuniuliza habari za shule. Nilipoomba aimbe alisema koo limekauka kwa baridi.

Mimi nilichukua kiatu nilichopewa. Ni mfamasia msaidizi, miaka ishirini sasa, na kazi yangu naifanya vizuri. Ninazo beti zangu pia, nyingi, zenye vina safi na mizani isiyopungua. Nilipomsomea binti yangu ubeti mmoja alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna sehemu ya kucheza. Nilipomsimulia habari ya ukumbi ule akashangaa kwa nini bibi yake, mtu mzima, hakutuma ujumbe tu. Harusi siku hizi huchezeshwa kwa kompyuta. Bibi harusi bado anamwagiwa noti, nyingi sana, ila hutunzwa kwa kucheza. Hakuna anayengojea neno fulani ndipo ainuke.

Hayo ndiyo yaliyonipitia kichwani chapati ikiungua. Niliitoa, nikazima jiko, nikakaa mbele ya mama.

"Mama, ule wimbo ulikuwa na ubeti wa tano."

"Najua."

"Haukuimbwa siku ile."

"Mlidhani nalala?" alisema, vidole bado kwenye choroko. "Ukuta wenyewe kama karatasi. Nane huku, nane kule, kila siku ya Mungu, na mimi nina zamu. Nilikuwa naujua kabla hajaumaliza."

Nikavuta choroko kidogo upande wangu.

"Nilipita benki Ijumaa, kabla ya harusi ile," aliendelea. "Nikaomba noti moja, mpya. Niliikunja nikaitia mfuko wa yunifomu, ndani ya dera. Nilikuwa naungojea ubeti wangu. Kile kinanda chao, mwanangu, hakikuwa na mwisho."

"Sasa ile noti uliifanyia nini?"

Alipuliza maganda ya choroko kutoka kiganjani, akayafuta mezani kwa ukingo wa mkono, mpaka yakaisha yote.

"Jumatatu umeme ulikwisha. Nikaipeleka dukani kuijaza mita."

"Ilikuwa ngapi?"

"Pauni ishirini."