Mama, Finjani, na Wahenga wa Bara Hindi

Mama yangu alizaliwa karibu na Tabora, baba yake Mnyamwezi na mama yake Mnyamwezi. Aliolewa na Mwarabu mwenye duka, akamzalia watoto saba, na sasa anaishi nami hapa Ibra, huku Uarabuni, katika nyumba ya ghorofa iliyo juu ya kinyozi. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu mwaka juzi kuna watu wa Nizwa waliotaka sana kulijua, na nusura livunje posa ya binti yangu.

Kwenye mlango unaotazamana na wetu anakaa mama wa Kihindi, mhadhiri. Hapa anafundisha Kiingereza chuoni, lakini kwao alikuwa akifundisha fikra za utawala na haki za Bara Hindi ya kale, na ukimgusa kidogo tu anafurika. Tulijuana kwenye soko la wanawake la Jumatano, tukigombea kitambaa kimoja. Nilishinda mimi, kwani nina mdomo. Tangu hapo tukawa tunatembea pamoja baada ya alasiri kando ya mashamba ya mitende, yeye anaeleza nami nabisha. Nabisha kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, hata mume wangu marehemu alikuwa akisema nitabishana na malaika wa kaburini.

Ijumaa moja nilimpeleka Sur kununua samaki. Tulisimama Al Kamil tukanywa chai ya maziwa, tukafika sokoni jua likiwa bado halijakaza. Mwuza samaki alikuwa akimpasua jodari, na tumboni mwake mkatoka samaki wadogo, wazima wazima. Jirani yangu akanishika mkono. Akasema wahenga wa kwao waliita hali hiyo sheria ya samaki: pasipokuwa na mwenye kuamua kwa haki, mkubwa humeza mdogo.

"Hilo na sisi twalijua," nikamwambia. "Halitaki shahada."

Akacheka, akaendelea. Wengine katika wahenga hao, alisema, walisimulia kwamba hapo zamani watu hawakuwa na mfalme. Mpunga ulijiotea, kila mtu akila. Kisha wakagawana mashamba, na mmoja akaiba fungu la mwenzake. Watu wakakutana, wakamchagua mmoja miongoni mwao awe mwamuzi, wakakubaliana kumpa sehemu ya mpunga wao. Basi huyo ndiye mfalme wa kwanza. Hakushuka kutoka mbinguni wala hakuzaliwa na damu ya peke yake. Watu walimwajiri.

Nilisimama pale, mfuko wa samaki ukinichuruzikia viatuni. Nimefundisha historia katika shule ya wasichana tangu binti yangu hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, watu waliokuwa wakilima mpunga walikaa wakalifikiri jambo hilo hadi mwisho wake. Mwili ulinisisimka. Njia nzima ya kurudi Ibra nilikuwa nikimwambia, hebu rudia tena pale walipokutana.

Haukupita muda mrefu, binti yangu akanijia jikoni. Yeye ni mfamasia hospitalini, na kijana mmoja wa Nizwa anafanya kazi naye.

"Mama, watu yake wanataka kuja," akasema. Amezaliwa hapa, na ngeli za Kiswahili alizitupa jalalani zamani. Lakini uso wake ulikuwa umewaka, na mimi mamake niliona kwamba moyo ulishakwenda.

Kabla ya kuja, shangazi wa yule kijana alipiga simu. Alikuwa na adabu nyingi. Akauliza ukoo wa baba wa binti, nikamtajia, akaridhika. Akauliza ukoo wa baba yangu, nikamtajia, akaridhika zaidi. Kisha akauliza, kwa sauti laini kabisa, "Na mama yako wewe, asili yake wapi?"

Wenzangu wa huku wanajua swali hilo linakwenda wapi. Linakwenda kwenye kufu, yaani kwamba mume na mke wawe sawa kwa nasaba. Kwa wengine linaishia kwenye dini na tabia. Kwa wengine linachimba hadi kwa bibi mzaa mama, na wakikuta bibi ni Mnyamwezi, posa inakufa kimyakimya, hakuna hata anayekwambia kwa nini. Nikamjibu shangazi kwamba akija atamwona mwenyewe, nikakata simu kwa hasira.

Kaka yangu, mwenye duka la vipuri vya magari kule Firq, kando tu ya Nizwa, alikuwa na dawa yake. Simu ilikuwa kwenye spika, naye kwa kawaida huzungumza kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "Sema tu bi mkubwa ni Mwarabu wa Tabora," akasema. "Nani atakwenda Tabora kucheki?"

Mama alikuwa chumba cha pili, akasikia yote. Alipotoka alikuwa na kanga mbili mkononi.

"Siku hiyo nipelekeni Firq kwa mwanangu," akasema. "Mtoto aolewe. Mimi nimeshaolewa."

"Mama, unawakimbia watu wa Nizwa, halafu unakwenda Nizwa?" nikamwuliza.

Tukacheka wote watatu, mimi, mama na binti yangu. Lakini kanga alizikunja akazitia mkobani, na binti yangu akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Niliumia vibaya sana. Mama yangu, aliyetulea kwa jasho lake, alikuwa anajifungasha kama kitu cha kufichwa wageni wakija.

Kesho yake njiani nilimmwagia jirani yangu uchungu wangu wote. Tukakaa kwenye ukingo wa falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, maji yakipita miguuni mwetu kwenda kwenye shamba lililofikiwa na zamu. Akasema kwamba ugomvi huo kwao ni wa kale mno. Walikuwapo wahenga waliosema kila mtu amezaliwa katika daraja lake, na kazi ya fimbo ya mfalme ni kumweka hapo hapo. Lakini walikuwapo wengine waliowajibu. Hao walisema, tazameni nyasi na miti, tazameni wadudu, nyoka, ndege. Kila aina ina alama yake, ukiiona tu unaijua. Sasa mtazameni binadamu, nywele, macho, mikono, hata anavyozaliwa. Iko wapi alama inayomtenga huyu na yule? Anayelima tunamwita mkulima, anayeiba mwizi, anayetawala mtawala. Hayo ni majina ya kazi, hayamo kwenye damu.

"Na nani alishinda?" nikamwuliza.

"Nimeolewa na mtu asiye wa tabaka langu," akasema. "Kaka yangu hajaniita dada tangu siku ya harusi. Kwa hiyo mpaka leo wanabishana."

Magharibi ilipopita nilimkuta mama anachagua mchele, nikamweleza neno kwa neno. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kutafuta vijiwe.

"Nimezaa na Mwarabu watoto saba," akasema mwishowe. "Hakuna hata mmoja aliyetoka na mkia." Kisha akauliza, "Huyo bwana wa ndege na nyoka alikuwa Mwislamu?"

"Hapana, mama. Ni wa zamani sana, kabla."

"Basi Mungu alimpa akili mapema. Na sisi tunaoambiwa kila Ijumaa kwamba watu ni sawa kama meno ya chanuo, tukitoka msikitini tunaulizana, mama yako nani." Akainuka, akaenda kuzitoa zile kanga mkobani.

Wakaja. Shangazi, mama wa kijana, na bibi wa kijana, mzee aliyeingia akishikiliwa mkono, barakoa ya wanawake wa Kiarabu usoni. Tukala tende na halua. Binti yangu akashika birika la kahawa. Habari zilipokwisha, shangazi akamgeukia mama yangu, akamwuliza kwa Kiarabu asili yake.

"Mnyamwezi," mama akajibu, kwa Kiarabu chake chenye Tabora ndani. "Baba na mama. Wote wamezikwa kwao, Mungu awarehemu."

Binti yangu, asijue la kufanya, akammiminia mama yangu finjani ya kahawa. Mama akaipokea, hakuinywa, akaiweka chini juu ya zulia mbele yake.

Nilitaka ardhi inimeze. Huku kwetu wanaume wakienda kuposa huweka finjani chini vivyo hivyo, hawanywi mpaka mwenye nyumba awaambie kunyweni, mlilolijia mmelipata. Ni desturi ya mgeni mwenye haja. Mwenyeji haweki finjani chini nyumbani kwake, tena mwanamke. Nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "Mama, umegeuza. Hiyo ni ya wanaoposa."

"Najua," akasema, kwa Kiarabu, wote wasikie. "Na mimi nina haja."

Akaunyoosha mkono wake kuelekea kwa yule bibi wa Nizwa. "Ndege wana alama zao, nyoka wana zao. Nitazameni. Mkiona alama iliyo kwangu na kwenu haiko, binti yetu tutamzuia wenyewe. Msipoiona, niambieni ninywe kahawa yangu."

Shangazi akaanza, "Mama, haya si mambo ya..." Bibi akamnyamazisha kwa kidole. Akavaa miwani yake. Akaushika mkono wa mama, akaugeuza kiganja juu, akaupangusa kwa gumba, akaulaza kando ya wake. Mikono miwili ya wazee, mishipa imetoka, hina ya sikukuu imebaki kwenye kucha. Niliwaona wale watu wa mpunga wamekaa duara, wanangoja mmoja wao aamue, na niliogopa na kustaajabu kwa pamoja.

Bibi akainama kwa taabu, akaiokota finjani kutoka kwenye zulia, akaionja kwa ncha ya ulimi. "Imepoa," akasema. Akampa mama kwa mikono yote miwili. "Kunywa, dada yangu. Mliyemwomba mmempata."

Mama akainywa hiyo hiyo baridi, yote. Binti yangu alipotaka kummiminia tena, kahawa ikamwagikia zulia, na mama akaitikisa finjani, yaani inatosha.

Wageni walipokwisha ondoka, mama aliniuliza jina la yule mhenga wa ndege. Nikamwambia sijui, na huenda hakuwa mmoja. Akatandika msala wake. Baada ya isha nilimsikia akiwaombea watu, kwanza wazazi wake, kisha baba yangu, kisha akasita, akasema, "Na yule bwana aliyetazama ndege, ewe Mola, wewe unamjua."