Mkwe Nyuma ya Pazia

Chekeni kwanza mmalize, maana najua hapa mtaani Mtendeni hakuna asiyejua kwamba mimi, Baba Neema, muuza spea za baiskeli na pikipiki, mtu mzima mwenye kitambi chake na heshima zake kanisani, niliwahi kumtokea mama mkwe wangu nikiwa na bukta tu, tena bukta yenyewe imechanika nyuma. Wengine mmeuziwa habari iliyotiwa chumvi, eti nilikuwa kama nilivyozaliwa. Jamani, bukta nilikuwa nayo. Acheni leo niisimulie mwenyewe, kwa sababu pamoja na aibu yote ile, kila nikiikumbuka siku hiyo najikuta namshukuru Mungu.

Chanzo ni kutaka makubwa. Nilipata projekta iliyotumika, nikasema sasa sebule yangu inageuka ukumbi wa sinema, wageni wakija wakae kwenye makochi waone mambo. Mke wangu akasema sawa, spika tuziweke pembeni, moja huku moja kule, kama watu wote. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimeona mtandaoni kwamba kwenye nyumba za wenye nazo spika zinafichwa nyuma ya pazia la picha, halafu sauti inatoka palepale kwenye mdomo wa anayeongea, na mgeni anabaki kuzungusha shingo akitafuta inatokea wapi. Hilo la mgeni kuzungusha shingo ndilo lililoniponza. Nikamwita seremala akanitengenezea fremu ya mbao inayosimama mbele ya ukuta, nyuma yake pakabaki uchochoro wa kupita mtu kwa ubavu (mtu mwembamba, mimi napita kwa kuvuta pumzi ndani), na humo nikapanga spika, amplifaya, deki, na balbu moja ya kuniangazia nikishughulika na nyaya.

Mwanzoni fremu niliivika turubai jeupe. Sauti ikawa kama ya mtu anayeongea amejifunika blanketi, nikaongeza sauti mpaka mwisho, wapi. Nikaenda kwa muuza vitambaa mmoja, mzee wa Kiarabu wa hapahapa mjini, akanipa marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba ambacho babu zetu walilipwa enzi za upagazi, akasema hiki kinapitisha hewa, na sauti itapita. Kweli ikapita, safi kabisa. Ila kupunguza ile sauti niliyoiongeza nikasahau, na kwamba kitambaa kinachopitisha sauti kinapitisha na mwanga, hilo sikuliwaza hata kidogo.

Sasa mjue na kilichokuwa kinatusumbua. Mama mkwe wangu alikuwa anaishi kijijini Puge. Tangu baba mkwe afariki alikuwa peke yake kwenye lile boma, presha inapanda na kushuka, na mke wangu simu ikilia asubuhi na mapema anadhani ni habari ya msiba. Tukamwomba aje akae na sisi mjini. Hataki. Na sababu yake haikuwa chuki, ilikuwa adabu. Kwetu Wanyamwezi wa zamani kama yeye, mama mkwe na mkwe hawakai wakatazamana, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Ataishije nyumba moja na mume wa binti yake? Baada ya kubembelezwa sana na mdogo wake, yule mjomba tunayemwita Mjomba Kabula, akakubali kuja kututembelea tu, aone nyumba, halafu aamue. Mke wangu akaniambia akirudi Puge safari hii, basi, hatakuja tena.

Nami nikapanga kumkirimu kwa ukumbi wangu. Nilikuwa na video ya harusi yetu kwenye flashi, na mle ndani marehemu baba mkwe anatoa nasaha. Mama alikuwa hajaisikia sauti ya mume wake tangu tumzike. Nikasema ataisikia hapa, vizuri kuliko popote.

Siku ya siku, mwezi wa kumi, jua la Tabora mnalijua, umeme umekatika tangu asubuhi. Wageni tuliwatarajia jioni. Nikakumbuka kuna waya wa spika moja umelegea, nikaona niurekebishe kabla sijaoga. Suruali na shati langu la kupokelea wageni vilikuwa vimeshapigwa pasi, nikavitundika kwenye kiti ili nisivichafue, nikabaki na bukta ya kazi, nikazama nyuma ya pazia na tochi ya simu. Mapazia ya madirisha nilikuwa nimeshayashusha. Joto humo ndani, we acha tu.

Nikiwa nimechuchumaa nikasikia, "Hodi wenyewe." Wamepata lifti, wamewahi. Mke wangu akatoka jikoni mbio, shikamoo mama, shikamoo mjomba, mwangaluka, mwangaluka, salamu zote za Kinyamwezi, na mkono mmoja (hili aliniambia baadaye) akazikwapua nguo zangu kitini akazipeleka chumbani, akidhani niko bafuni. Akawaambia hivyohivyo, Baba Neema anaoga, anakuja sasa hivi. Akawawekea maziwa mgando na karanga mezani, akarudi jikoni.

Hapo ndipo ningekohoa. Ningesema "Mama samahani, geukeni kidogo nipite," yangeisha. Lakini nikajiangalia, kitambi kinang'aa jasho, nikasema sithubutu, ngoja wapelekwe kuoneshwa chumba, nitachomoka. Nikazima tochi, nikainuka polepole nikasimama kimya, hata mbu akinitafuna sipigi.

Nao wakaanza kuzungumza. Mjomba anamsifia nyumba, anamwambia dada, usijitese, hawa watoto wanakupenda. Mama akasema taratibu, nami niko karibu naye kuliko huyo mjomba, "Kunipenda wananipenda. Lakini nyumba moja na mkwe, ndugu yangu? Siku nikimkuta hajavaa, huu uso nitauweka wapi?"

Nikaomba Mungu, nikaomba sana, asije mtu, isitokee sauti, nami nisipige chafya.

Umeme ukarudi.

Balbu ikawaka nyuma ya mgongo wangu. Mimi mwenyewe sikuona kitu, ila waliokuwa sebuleni wanasema kivuli changu kilisimama kwenye lile pazia kutoka chini mpaka juu, mtu mkubwa kama kabati, kitambi kinaonekana, bukta inaonekana, mikono imekunjwa kifuani kama anasali. Na deki nayo, ile ya kujiwasha yenyewe ikipata umeme, ikaanza kusoma flashi pale nilipoachia majaribio, sauti mpaka mwisho, spika masikioni kwangu, na marehemu baba mkwe akanguruma nyumba nzima, akimwambia mkewe: "Huyu kijana nimemchunguza mwenyewe. Ana adabu. Mama Kulwa, usiwe na wasiwasi naye."

Niliruka. Mtu yeyote angeruka. Mguu ukanasa kwenye waya, nikashika fremu, fremu nayo ikanifuata, tukaanguka pamoja, marekani ikafunika meza, maziwa yakamwagika, karanga zikatawanyika, na mimi juu yake kwa magoti na viganja, ile sehemu iliyochanika imeelekea kwa Mjomba Kabula. Mke wangu akatokea na mwiko mkononi, akasimama mlangoni ameduwaa. Marehemu anaendelea tu kunisifu.

Nikainua macho kidogo. Mama mkwe alikuwa ameshageukia ukutani. Kageuka mara ileile kivuli kilipotokea, kajifunika uso, na sasa bila kutazama nyuma akaivua khanga aliyojitanda mabegani, akainyoosha kwa mkono nyuma yake. "Mpeni mwanangu ajifunge," akasema.

Mwanangu. Miaka yote ile alikuwa hajaniita hivyo. Nikaipokea ile khanga, nikajifunga, nikatambaa mpaka chumbani, nikakaa kitandani machozi yananitoka, maana niliona ndiyo basi, nimemkosesha mke wangu mama yake.

Nikavaa, nikarudi, nikapiga magoti mlangoni, shikamoo mama. Marahaba, kwa sauti ndogo, bado kautazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia, vyote pamoja. Mjomba akajikaza, akaanza kusema kwa taratibu za ukoo hapa lazima mkwe atoe mbuzi wa kufuta aibu. Mama akamkatisha.

"Mbuzi atatoka," akasema. "Lakini nilichokuwa nakiogopa kilikuwa hicho, na kimeshatokea, na sijafa. Sasa nirudi Puge kuogopa nini?"

Mke wangu akakaa chini palepale kwenye karanga, akaangua kilio. Kisha mama akaomba tumrudishie ile sauti ya mzee tangu mwanzo, pole pole, kwa sababu ameisikia kama mzee mwenyewe yuko mle ndani. Akaongeza kwamba safari hii mkwe akae huku mbele.

Mbuzi nilitoa, tukala. Fremu nimeisimamisha tena, spika bado zimefichwa, ubishi sijaacha, ila nimekula kiapo kwamba nyuma ya pazia siendi tena bila suruali, hata kama Tabora nzima inaungua kwa joto. Mama ana chumba chake sasa, presha imetulia, na jioni hukaa kochi la upande wake nami la upande wangu, hatutazamani, tunatazama picha. Khanga ile aliniachia, akasema huenda nikaihitaji.

Na kila umeme ukikatika, kabla hajaingia sebuleni, husimama kwanza koridoni akakohoa. Nami nikiwa popote pale ndani ya nyumba, hata nikiwa mezani nakula, namjibu, "Nimevaa, mama."