Mama Aliyeikataa Mashine ya Chapati

Mtu aliyewahi kulala juu ya marobota ya pamba, akaja Kanada na begi moja, na leo ana kiwanda chake, hakuna kitu cha kumshangaza. Mimi nimeishia darasa la saba. Chapati zangu zinaliwa Toronto nzima na mpaka miji ambayo siwezi kuitamka, na kila mashine iliyomo humu kiwandani kwangu, Downsview, niliinunua kwa jasho langu. Sikukopa benki wala kwa shemeji.

Ujana wangu niliumalizia kwenye kiwanda cha nyuzi, Morogoro. Vumbi la pamba lilitugeuza wazee wa mvi tungali vijana. Mashine haikuzimwa ili isafishwe. Ulisafisha huku inazunguka, ukimwomba Mungu wako. Jirani yangu wa mashine alipoteza vidole viwili, na aliporudi langoni kuomba angalau kazi ya kufagia, nyapara alimwambia nafasi zimejaa.

Basi binti yangu anasoma shuleni habari za mapinduzi ya viwanda kule Uingereza. Jioni moja mezani akaniambia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba zamani watoto walikuwa wakitambaa chini ya mashine zinazokwenda ili waokote pamba, na aliyechelewa kengele alikatwa mshahara. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hiyo zamani anayoisoma, baba yake ameifanyia kazi.

"Na kiwandani kwako, baba, watu wako salama?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na oda ya harusi ya Jumamosi, chapati elfu mbili, ya familia moja ya Thorncliffe, mtaa wa maghorofa marefu, yenye ndugu kila ghorofa. Ukiwaangusha watu wale, habari inafika kila jiko kabla yako, na biashara imekwisha. Jumatano asubuhi nikakuta mashine ya kusukumia imezimwa. Anayeilisha madonge ni mama mmoja Mkenya wa Lawrence Heights, mtu mzima kuliko mimi. Mashine yenyewe niliinunua kwa mwokaji aliyekuwa anafunga duka, na ilikuja bila wavu wake wa mbele, ule wa kuzuia mkono usifuate donge.

"Bosi, hii mashini leo siishiki," akasema.

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi. Nataka kubaki hivyo."

Nikamwambia tangu niinunue haijamgusa mtu.

"Hata nyoka hukaa kimya mpaka siku yake."

Kwetu ukisema maneno hayo mbele ya nyapara, kuna watu kumi langoni wanangojea nafasi yako. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie aende nyumbani, akaniwahi. Kule ghalani alikofanya kazi kabla ya kuja kwangu alifundishwa kwamba mfanyakazi anaruhusiwa kukataa kazi ya hatari na hafukuzwi. Akataka tuitazame mashine pamoja, tusipoelewana tuipigie serikali simu. Wakati tunangoja yeye atapanga pakiti, kwa mshahara uleule.

Hatukuelewana. Simu ikapigwa, tukaambiwa mkaguzi anakuja kesho. Nikaanza kuhesabu kichwani: faini, wakili, gari la kusambazia kuuzwa, na harusi nitawaambia nini. Alhamisi nikapika chai ya maziwa, nikafunga boksi la chapati hamsini.

"Hiyo ni zawadi ama ni hongo?" mama akauliza.

"Ni chapati."

"Irudishe kwa friji, bosi. Utatufungisha sote."

Nikairudisha. Mkaguzi alikuwa msichana mwenye buti na tepu ya kupimia. Chai hakuitaka. Aliongea na mama kwanza, mimi mwenye kiwanda nimesimama pembeni kama mgeni, kisha akapima lile pengo na kusema mashine haitawashwa mpaka iwe na wavu. Nikamuuliza faini ni kiasi gani. Akaniambia safari hii hakuna. Tengeneza, wafundishe watu, nipigie.

Kusema kweli nilikwenda nyuma nikakaa juu ya gunia la unga. Nimezoea serikali inayokuja na kuondoka na kitu.

Fundi wa kuchomelea, jirani yangu wa mlango wa tatu, akatengeneza wavu siku ileile. Ijumaa asubuhi mkaguzi akarudi, akachomeka kijiti, hakikupita, akaruhusu. Mama akavaa aproni na kuanza kulisha madonge bila kuniangalia. "Sasa usitusimamie hapo kama askari, bosi," akasema. "Tafuta kazi." Nikaenda kufunga maboksi. Kasi ya mashine haikupungua hata kidogo, na kufikia jioni zote elfu mbili zilikuwa zimekamilika.

Harusi ilikula ikashiba, mikono yote iko mahali pake, na hakuna aliyenidai kitu isipokuwa fundi. Chuma, kazi yake na kodi: dola mia tatu themanini na sita na senti arobaini na sita.